Kifuniko Kilichokaa Sawasawa

Hadithi hii si ya zamani na wala si ya mbali, ila nchi yenyewe siyo hii yetu, msije mkanitia matatani uzeeni. Katika nchi hiyo Rais alikuwa mtu mfupi. Si mfupi wa kuchekwa, mfupi wa kawaida tu, kama mwalimu wa hesabu. Lakini ufupi wake ulikuwa wa kitaifa, na bunge likapitisha sheria kwamba paa la raia lisizidi bega la Rais akiwa amesimama bila viatu. Mwaka wa kwanza watu waliishi wameinama, viuno vikawauma. Mwaka wa pili wakapata akili, wakaanza kujenga kwenda chini.

Basi nchi nzima ikaingia ardhini. Juu zilibaki barabara, ofisi za serikali na bustani za maua. Chini wakakaa watu. Kila chumba kilikuwa na dirisha moja, na nje ya dirisha palichimbwa shimo kutoka juu, dogo, kiasi cha meza ya chai, ili mwanga na hewa viteremke. Wenyewe waliliita shimo la dirisha. Ukitembea mjini ulisikia harufu ya vitunguu na ugomvi wa mke na mume vikitoka miguuni pako, na mtu humwoni.

Bi Siwema aliishi katika chumba kimojawapo, mtaa wa Tambarare. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye pini mdomoni tangu asubuhi, na alikuwa akikutupia jicho mara moja tu anakwambia kiuno chako kimeongezeka inchi mbili tangu Idi. Mumewe, Mzee Shekue, alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika masjala ya serikali, akipanga mafaili na kuvuta vumbi lake. Siku ya kumuaga, serikali ilimpa cheti na kikombe. Pumu alikwisha kupewa zamani. Cheti kilitundikwa ukutani, kikombe kilivunjika, pumu ikakaa naye. Siku mbaya alikuwa akiburura kiti mpaka dirishani, anaweka uso kwenye shimo, anavuta hewa kidogo kidogo kama mtu anayekunywa uji wa moto. Bi Siwema alijua siku nyingi: lile shimo lilikuwa pafu la tatu la mumewe, na ndilo pekee lililokuwa zima.

Balaa lilianza siku Waziri wa Uso wa Nchi, Mheshimiwa Dakta Ngwali Mapambano, alipopita Tambarare akipungia watu mkono. Katika nchi ile cheo cha mtu kilipimwa kwa umbali anaoruhusiwa kutazama chini. Tarishi aliweza kutazama mpaka kwenye viatu vyake. Mkurugenzi aliishia kwenye mkanda. Waziri hakuruhusiwa kushusha macho chini ya kidevu. Basi Waziri anapunga, anatabasamu, macho mbele, mguu wa kulia ukazama ndani ya shimo la dirisha la mwanamke mmoja na kutua kwenye sufuria la maharage yaliyokuwa yakipoa.

Jioni redio ikatangaza kwamba Mheshimiwa amefanya ziara ya ghafla katika makazi ya wananchi na kujionea mwenyewe hali ya chakula. Mwenye maharage alifungwa miaka mitatu kwa kumpikia Waziri bila kibali.

Wiki iliyofuata ikatoka amri. Kila shimo la dirisha liwekewe kifuniko, nacho kikae sawasawa. Kifuniko kikilegea, mwenye shimo amedharau. Kikibana, ana kiburi. Makosa yote mawili adhabu yake moja.

"Jambo la maana sana," alisema Mzee Shekue, akisoma tangazo huku akihema. "Tulichelewa."

"Baba Zamda," mkewe akamwambia, "hilo shimo ndiyo pua yako."

"Litapimwa, Mama Zamda. Soma hapa. Imeandikwa 'sawasawa.' Serikali ikishaandika sawasawa, wewe una wasiwasi gani?"

Zamda ndiye binti yao wa pekee, aliyeolewa mkoa wa mbali, ambako nasikia watu walikuwa wanaishi juu kwa sababu hakuna kiongozi aliyewahi kufika.

Mpimaji alikuja asubuhi ya Jumanne. Aliitwa Bwana Makwaya, mtu mpole mwenye suruali iliyopauka magotini, na alikuwa amekaa cheo kile kile miaka kumi na minane kwa tabia yake ya kuandika alichokiona.

"Hodi huko chini!"

"Karibu! Ngazi ziko huku upande wa mlango."

"Siji huko, mama. Macho yangu yanaishia magotini. Nakuteremshia futi, wewe shika ncha, uniambie imesoma ngapi."

Bi Siwema akatoa pini mdomoni, akapanda juu ya kiti, akashika futi. "Urefu, sentimita tisini na mbili. Upana, sitini na moja. Usiandike sitini na mbili kwa uvivu wa kalamu, mwanangu. Mimi nimewashonea mabwana harusi mia tatu, hakuna hata mmoja aliyeoa huku amebanwa."

Bwana Makwaya akacheka, akaandika. "Tisini na mbili kwa sitini na moja."

"Na matundu. Andika matundu ya hewa. Humu ndani mna mgonjwa wa kifua."

"Mangapi?"

"Arobaini. Makubwa, ya kupita kidole gumba."

"Arobaini," akaandika, na akapigia mstari. Kisha akasita kidogo pale juu, futi mkononi. "Bibi, mimi nimeandika kweli. Nataka ujue hivyo."

"Sasa mbona unaniaga kama maiti?"

Bwana Makwaya alikunja futi yake akaenda kwenye shimo la jirani.

Sasa hapa ndipo inabidi niwaeleze adabu za ofisi za nchi ile, maana bila adabu hizo hakuna ambacho kingeharibika. Kule ilikuwa ni utovu wa heshima bosi kutia sahihi kwenye hesabu ile ile aliyoiandika mdogo wake. Wakilingana hesabu, si wamelingana vyeo? Kwa hiyo kila faili lilipopanda meza moja, mwenye meza aliongeza kidogo. Waliita nyongeza ya heshima. Karani mkuu aliongeza shibiri moja. Mkuu wa kitengo, mbili. Mkurugenzi, mtu mnene, aliongeza mkono mzima. Katibu Mkuu aliongeza mikono miwili, akakohoa, akaongeza wa tatu kwa kuwa alikuwa karibu kustaafu. Na upungufu nao ulikuwa na adabu yake: bosi hawezi kukubali upungufu wote wa mdogo wake, lazima apunguze. Tundu ni nini kama si upungufu wa chuma? Arobaini yakapungua yakawa kumi na manane, kumi na manane yakawa matano, mkurugenzi akaacha moja la ukumbusho. Faili lilipofika kwa Waziri, akatazama mbele, akatia sahihi bila kushusha macho, na katibu wake akalifuta lile moja kwa niaba yake.

Kifuniko kikaja mwezi uliofuata, juu ya lori peke yake. Kilikuwa bamba la chuma lenye kupakwa rangi za bendera, mita nne kwa mita tatu na nusu, halina tundu hata la kupitisha sindano. Kilishushwa na watu kumi na wawili. Majirani walipanda kutoka chini kuja kutazama.

"Hiki ni cha nani?" akauliza Bi Siwema.

"Chako, mama," alisema mkaguzi, Bwana Chambuso. Huyu alikuwa kijana mwenye kiatu kinachong'aa, kwa sababu kilikuwa ndicho chombo chake cha kazi. "Shimo namba mia nne na sita."

"Mwanangu, shimo langu unaweza kulifunika na sinia. Hiki ni cha kufunikia harusi, na waalikwa wake."

Majirani wakaangua kicheko. Bwana Chambuso hakucheka. Akafungua faili, akamwonyesha ukurasa wa mwisho.

"Kifuniko kina sahihi ya Waziri. Unaiona?"

"Naiona."

"Na shimo lina sahihi ya nani?"

Bi Siwema akalitazama shimo lake.

"Haya. Basi niambie wewe mwenyewe, kati ya hivi viwili, kipi kimekosewa?"

"Shimo!" sauti ya Mzee Shekue ikajibu kutoka chini, kwa furaha ya mtu anayejua jibu darasani.

Wakaanza kuchimba siku ile ile ili kulikuza shimo litoshe kifuniko. Wachimbaji wanne walikula ukuta wenye dirisha, wakala dari yote, wakapita juu ya kitanda, juu ya cherehani, wakafika ukuta wa pili. Amri ilikataza kuweka udongo juu ya uso wa nchi, hivyo udongo wote wakaumwaga kwenye ngazi za mlangoni mpaka ngazi zikajaa, mlango usifunguke tena. Siku ya tatu chumba na shimo vilikuwa vimekuwa kitu kimoja. Ukitaka kuingia au kutoka unatumia ngazi ya mbao.

Na hapa mnicheke mkitaka: siku hizo tatu ndizo zilizokuwa bora katika maisha ya Mzee Shekue tangu astaafu. Jua lilimwingia mpaka miguuni. Hewa ilimshukia bila kuiomba. Alilala chali kama mtoto, mashavu yakaanza kujaa, akala wali sahani mbili.

"Unaona?" akamwambia mkewe. "Na ulikuwa unalalamika."

"Baba Zamda, bado hawajafunika."

"Watafunika sawasawa."

Bi Siwema alitaka waondoke usiku ule ule kwenda kwa Zamda. Mzee Shekue alimtazama kama amemwambia waibe benki. Kifungu cha kumi na nne: siku ya ukaguzi mkaazi mmoja awe chini ya kifuniko, mwingine awe juu atie sahihi. Asiyehudhuria amekataa serikali. Miaka thelathini na mmoja hakukosa ukaguzi hata mmoja, aanze leo? Mkewe hakubishana. Alimshika kwapa, akamsukuma kwenye ngazi ya mbao. Kipago cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kifua kikafunga, midomo ikamgeuka rangi ya majivu, akamrudia mikononi mzima mzima. Mkewe akamlaza. Akapanda juu peke yake kumtafuta Bwana Chambuso.

"Ukaguzi unachukua muda gani?"

"Robo saa."

Bi Siwema akapiga hesabu. Alikijua kifua cha mumewe kama anavyojua kola. Chumba kile kikifunikwa, robo saa angeweza. Dakika ishirini, labda. Zaidi ya hapo, hapana.

"Na ikishapita robo saa mnafunua?"

"Kikikubaliwa hakifunuliwi, mama. Kimekaa. Utaandika maombi ya kufunuliwa, yatapanda mezani kama kawaida. Ila kikikataliwa kinaondolewa papo hapo."

"Kinakataliwa kwa nini?"

"Kifuniko kilichokaa sawasawa hakina sauti. Nakikanyaga, nasikiliza. Kikitoa sauti mara tatu, kimekataliwa."

"Sauti yoyote?"

"Kanuni haikusema sauti ya nini."

Bi Siwema akateremka ngazi kwa kasi kuliko umri wake. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mumewe.

"Kesho, Baba Zamda, kijana akikanyaga chuma, wewe kohoa. Mara tatu. Basi, hilo tu nakuomba katika ndoa yetu."

Mzee Shekue akakunja uso. "Unataka nidanganye ukaguzi?"

"Kudanganya wapi? Una kikohozi au huna?"

"Ninacho."

"Ni cha kweli au cha kuazima?"

"Ni cha kweli."

"Miaka yote unakohoa bure, kesho kohoa kwa faida."

Akafikiri sana. Alitafuta kifungu kinachokataza, hakukiona. "Mara tatu," akasema. "Ya nne sikohoi."

Asubuhi watu kumi na wawili wakakinyanyua kifuniko. Bi Siwema alisimama juu ukingoni, akamtazama mumewe mpaka mwisho. Alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya chumba, amevaa koti lake la masjala, amefunga vifungo vyote. Alimpungia mkono kidogo, wa kiofisi. Kisha chuma kikashuka, kikatua mahali pake, na wachimbaji wakashangilia kwa sababu kweli, wenzangu, kilikaa. Hata ukucha usingeupitisha.

Bwana Chambuso akatazama saa, akakanyaga kwa kiatu chake.

Chini kukatoka kikohozi. Kimefifia, lakini kikohozi.

"Sauti ya kwanza," akaandika Bwana Chambuso, na uso ukaingiwa na wasiwasi. Akakanyaga tena.

Kikohozi.

"Sauti ya pili."

"Bado moja!" akasema Bi Siwema. Majirani nao wakaanza kusogea. Mmoja akasema, "Huyu mzee ana kikohozi cha shahada." Bwana Chambuso akainua kiatu kwa mara ya tatu, na kikiwa hewani vikasikika ving'ora.

Magari saba. Mheshimiwa Dakta Ngwali Mapambano alikuwa ameamua kuja kuzindua. Hakutafutiwa jukwaa. Jukwaa lilikuwepo, limepakwa rangi za bendera, pana, imara. Akapanda juu ya kifuniko, na spika ya kipaza sauti wakaiweka papo hapo juu ya chuma, imeelekea chini ili isije ikaanguka kifudifudi mbele ya Waziri.

"Wananchi!" akaanza.

Sasa katika nchi ile kulikuwa na sheria namba tisa: kukohoa wakati kiongozi anahutubia ni kumpinga bila kuomba nafasi. Mtu akibanwa na kikohozi hotubani alikuwa akikimeza, na wengine walizimia wakiwa wamekimeza, wakasifiwa. Faili la sheria hiyo lilifunguliwa na kupangwa kwenye rafu na Mzee Shekue kwa mikono yake mwenyewe.

"Wananchi, kifuniko ni nini?" Waziri akauliza, macho mbele. "Wapo wanaodhani kifuniko ni chuma. Hapana! Kifuniko ni fikra! Mataifa yaliyoendelea yalianza na vifuniko. Taifa lisilofunikwa litaingiwa na nini?"

"Na vumbi!" wakaitikia waliopangwa kuitikia.

"Na litatokwa na nini?"

"Na siri!"

Ikapita robo saa. Waziri alikuwa bado yuko kwenye historia ya shimo. Bwana Chambuso alisimama pembeni na faili lake, mguu mmoja mbele, akingoja. Hakuruhusiwa kukanyaga Waziri akiwa juu, lakini alitega sikio. Bi Siwema naye alitega. Alikuwa anahesabu kwa mdomo: kumi na sita, kumi na saba. Kwenye kumi na tisa akapiga magoti, akauweka mdomo kwenye chuma.

"Baba Zamda! Kohoa! Usimsikilize huyu, kohoa!"

Askari akamshika bega. "Mama, nyamaza."

"Moja tu, Baba Zamda! Umebakiza moja! Ukiogopa sheria, nitafungwa mimi!"

"Anasemaje huyo?" Waziri akauliza, bila kushusha macho.

"Anashangilia, Mheshimiwa," akajibu Bwana Chambuso.

"Safi sana. Akina mama ndio wanaojua thamani ya kifuniko." Na kwa furaha akarudi nyuma kurasa mbili.

Ilipofika dakika ya ishirini na mbili, kitu kiligonga chuma kwa chini. Taratibu, mara moja, kama mguu wa kiti. Bi Siwema akamgeukia Bwana Chambuso, macho yamemtoka. "Hiyo! Umesikia? Hiyo ni ya tatu! Andika!"

Bwana Chambuso alikuwa ameisikia. Kalamu yake ilikuwa imegusa karatasi. Akamtazama Waziri aliyesimama juu ya kazi yake, akatazama sahihi iliyokuwa kwenye ukurasa wa mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini, karibu kwa huruma, "Hiyo, mama, ilikuwa makofi."

Hotuba ilichukua saa moja na dakika kumi. Mwishoni Waziri akainua kidole, umati wote ukatulia.

"Sikilizeni," akasema. "Sikilizeni kilivyonyamaza."

Watu wakasikiliza. Kweli kilikuwa kimenyamaza.

"Huko chini kuna nani?"

"Raia mmoja, Mheshimiwa. Mstaafu wa masjala."

"Ana malalamiko?"

Bwana Chambuso akangoja kidogo, kwa kufuata utaratibu. "Hana, Mheshimiwa."

Wakapiga makofi. Waziri akashuka, akapanda gari, magari saba yakaondoka. Bwana Chambuso akakanyaga mara yake ya mwisho, akasikiliza, akaandika "kimekaa sawasawa," akagonga muhuri. Akauchukua mkono wa Bi Siwema, akamwekea kalamu, akamwonyesha pa kutia sahihi, naye akatia, kwa sababu alikuwa hatazami. Majirani wakateremka makwao mmoja mmoja. Wale watu kumi na wawili walikuwa wamekwisha kupanda lori kwenda shimo namba mia nne na saba.

Bi Siwema akabaki peke yake juu ya rangi za bendera. Akalala kifudifudi, sikio kwenye chuma, akapapasa ukingo kwa ncha za vidole, upande hadi upande, kama anavyopapasa mshono kutafuta palipoachia. Hapakuwa na palipoachia.

"Baba Zamda," akasema polepole, kwa sauti anayomwamshia kwa chai. "Hotuba imekwisha, mume wangu. Wameondoka wote. Sasa unaruhusiwa kukohoa."